Makaa ya Mashudu Msiyalaze Chumbani

Sogeeni, Lamjed na wewe Rafika, mnisikie, maana sauti yangu haitafika mlangoni. Na mlango wenyewe, nimesema, uwe wazi, mvua iingie iloweshe hata mkeka. “Mama utapata baridi, Mama utapata baridi!” Lamjed, mimi nakufa, mwanangu, baridi itanifanya nini zaidi? Umeniletea jiko la makaa ya shimoni miguuni, asante, basi libaki kwa sharti hilo moja.

Shamba la chini ni la Rafika. Usinikunjie uso. Wewe ulipokuwa Marseille ukitutumia picha za viatu, yeye alikuwa shimoni na mimi akichoma makaa, uso mweusi kama sufuria. Mjomba wenu Shadhli, mwenye kinu cha mafuta ya zeituni, alilimwagia shamba lile maji machafu ya kinu kila msimu hadi miti ikakauka imesimama, kisha akanicheka mbele za watu: “Si una diplôme ya kemia, dada? Ifufue!” Nilikuwa nayo, ndiyo, nimeizeekea kwenye ngazi za wizara nikiomba kazi, nikipigwa virungu na vijana wa polisi wasioweza hata kusoma bango nililobeba. Basi nikachukua mashudu ya kinu chake, makapi ya zeituni zilizokamuliwa, aliyoyaona takataka, nikayafukia shimoni yaungue bila hewa mpaka yakawa makaa, nikayatwanga, nikayachanganya na udongo, na udongo ukakubali mche tena. Shadhli akija mazishini mpeni kiti, mpeni kahawa. Shimo msimwuzie.

Nyumba hii ni yako, Lamjed, na ndiyo inayonitisha. Nikishazikwa, wanawake watakuja kulala na dada yako siku za matanga, upepo utauma, na mmoja mwenye huruma atasema, leteni yale makaa ya marehemu, hayatoi moshi hata kidogo, fungeni mlango tupate joto. Hapo ndipo mtakapozikana wengi. Moshi angalau hukukohoza ukatoka mbio. Hii hewa nyingine ya makaa, yenye sumu, haina harufu, haina rangi, inakubembeleza tu. Shangazi yenu Zakia walimkuta amekufa kando ya jiko, bado ameketi, glasi ya chai mapajani, mashavu mekundu kama mtu aliyeambiwa utani, na wajinga wakasema jini. Jini gani! Makaa yetu yaleni kwa mdomo wa shamba, wanangu, msi...

Rafika, mbona kichwa kinakuanguka? Naongea urithi wako, unasinzia?

Na wewe unajishika paji la uso kwa nini? Tangu lini linakugonga? Lamjed, sisikii mvua. Mlango uliufunga lini? “Nimerudishia tu, Mama, ulikuwa unatetemeka.” Ya weldi, mwanangu... Yezzi, basi, usinijibu, usipoteze pumzi. Usisimame, miguu haitakubeba. Tambaa. Mshike dada yako nguo, popote, hata nywele, mvute. Mimi niacheni hapa, mimi nilikuwa naondoka.

Nimewaradhia wote wawili. Mungu awaachie... awaachie pumzi, muione miti... Usinigeukie, Lamjed. Bega. Tia bega mlangoni.

Sukuma.