Dada Yetu na Chupa ya Upande wa Pili

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza dada yetu, nasoma mimi kwa sababu ndimi kitinda mimba na, kama alivyozoea kusema mwenyewe, ndimi mwenye sauti kubwa na kazi ndogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1963 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa injini na mshonaji nguo. Alikuwa mbishi tangu utoto. Tulichangia pipa la maji na jirani, na tulipougua matumbo mama aliapa kwamba jirani ametutilia kitu. Dada, wakati huo yuko darasa la tatu, alitoka bila ruhusa, akarudi na kusema, "Mama, na wao wanaharisha." Pipa likamwagwa, ndani mkakutwa panya aliyekufa. Mama na jirani waliliosha pamoja, kila mmoja akiona haya kivyake.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1987 akapata shahada ya sayansi ya bahari. Baba aliuliza kama maji ya chumvi yana mshahara. Mwaka uliofuata maabara ya serikali pale bandarini ilimjibu kwa kumwajiri.

Mwaka 1991 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme wa bandari, aliyekuja kutengeneza friji ya sampuli na kuendelea kuitengeneza hata ilipopona. Walijaliwa mabinti wawili.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 1994, nchi yetu na ya jirani zilipokubaliana kuipima ghuba kwa pamoja. Kila mwezi boti mbili zilikutana kwenye boya la katikati. Kila upande ulikuja na maji ya kwake, yaliyochotwa mara moja na kujazwa chupa mbili: moja ya kubaki nayo, ya pili ya kumkabidhi mwenzako akaipime mwenyewe. Hapo hakuna wa kudanganya. Mpimaji wa ng'ambo alikuwa mwanamke wa rika lake, tukamwita Pacha. Watu wakimwambia dada kwamba damu ni nzito kuliko maji, alijibu kwamba waliosema hivyo hawakuyapima.

Mwaka 2016 samaki walielea ghuba nzima. Redio yetu ilisema jirani amemwaga sumu. Redio yao ilisema ni sisi. Meli za kivita zikatoka. Dada na Pacha walifungua chupa zao na kukuta mwani uleule wenye sumu pande zote mbili, umenenepeshwa na majitaka ya miji yote miwili. Walitoa taarifa moja, ikasomwa kwenye redio zote mbili siku ileile, na meli zikarudi. Mimi nilimwonea fahari dada yangu, na sikumwambia vya kutosha.

Mwaka juzi maneno kati ya nchi hizi mbili yalichacha tena na mkuu wake akamwita. Yuko nasi leo, namshukuru kwa kuja. Shemeji alikuwepo, akibadilisha taa.

"Mama, chupa za wale sasa basi. Na zako zisivuke."

"Sawa, bosi. Na maji je, mmeyaambia?"

"Usinitie matatani, mama. Na mimi nimeagizwa."

Boti zikafungwa gatini, naye akahamishiwa ofisi isiyo na bomba wala dirisha.

Septemba iliyopita aligundulika na saratani ya ini. Alilazwa mara tatu, akavumilia, akawatania wauguzi waliompima damu kwamba hawana chupa ya pili. Alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni, saa nane mchana, bintiye mkubwa akimshika mkono. Alimwachia maneno haya: "Samaki wakifa tena, msiulize nani kamwaga. Ulizeni kama na wao wanafiwa na samaki."

Ndugu zangu, wameanza kufa. Mliopita ufukweni jana mmewaona, na harufu mmeisikia. Kinyozi wangu tayari anajua aliyemwaga sumu, na redio inakubaliana naye. Lisemwalo lipo, watu wanasema, na kama halipo laja. Hili naliogopa.

Juzi nahodha wa boti ya bandari alikuta chupa imefungwa kwenye boya. Mfuniko umezungushiwa utepe kwa mtindo wa Pacha, na tarehe imeandikwa kwa mkono wake. Maji yake ni ya kahawia, kama yetu. Nahodha aliipeleka maabara, wakakataa kuipokea. Akaileta nyumbani kwa marehemu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na Pacha, ambaye walinzi wa mpaka wamemrudisha na nguo zake za msiba. Chupa iko kwenye friji ya jikoni, karibu na maziwa. Shemeji ameniomba nimwambie mkuu wa maabara, aliyeketi safu ya pili, kwamba mlango wa nyumba haufungwi leo.

Meli zimetoka asubuhi hii. Dada yetu apewe amani aliyotutafutia. Chupa bado haijafunguliwa.