Mama Germaine Chola Chishimba na Maisha Yake ya Piano

Wapendwa mapadri, bandugu, majirani na wanafunzi wa marehemu, mimi ni Constantin Mwape, mtoto wa mdogo wake, na jamaa imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama mukubwa wetu, basi munisikilize.

Mama Germaine Chola Chishimba alizaliwa Pweto, tarehe 6 Juni 1952, mtoto wa tatu wa Papa Chishimba, seremala, na wa Mama Léa Kapya, muuzaji wa samaki wakavu. Mwaka 1958 baba yao alipata kazi ya reli, wakahamia Lubumbashi, Germaine akaingia shule ya msingi ya masista, na huko alisikia piano kwa mara ya kwanza, akasimama mlangoni mpaka masista wakamwita ndani. Nyumbani piano haikuwapo, basi baba yake alimchongea ya mbao, yenye vipande themanini na nane vya kubonyeza, visivyotoa sauti yoyote, na juu ya piano hiyo bubu alifanya mazoezi kila siku kwa miaka minne, akiusikia muziki kichwani mwake tu.

Alipata Diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1971, akaenda kusomea muziki Liège, Ubelgiji, ambako mwezi wa Juni 1976 alimaliza wa kwanza, wakamwomba abaki kufundisha, lakini alimwandikia baba yake hivi: "Papa, huku bapianiste beko bengi, kwetu hakuna hata moja, ninarudia."

Alirudi Oktoba mwaka ule ule, akafundisha lycée, shule ya sekondari, na nyumbani kwake mtaa wa Kamalondo, watoto zaidi ya mia sita, na tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na Papa Israël Bwalya, mekanisien wa mashine za mgodi, ambaye nyuzi za piano ya nyumbani zilipokatika na mpya hazipatikani, alizungusha kwa mkono waya wa shaba juu ya waya wa chuma, piano ikaimba tena. Mungu aliwapa watoto wanne, Ariel, Katongo, Kiki na Plamedie. Katongo alituacha mwaka 1983 kwa surua, akiwa na miaka miwili, na Papa Israël alimfuata mwaka 2009.

Kuanzia Jumapili tarehe 4 Machi 1984 alitangaza redioni kipindi chake, Vidole Kumi, akiueleza muziki wa klasiki kwa Swahili yetu, hata madereva wa barabara ya Kasomeno waliandika kwamba wanazima injini wamsikie vizuri, na mwaka 1998 alitoa kitabu, Tujifunze Piano, alichokiandika kwa miaka tisa.

Jumapili tarehe 8 Mei 2016, akiwa hewani, damu ilimpanda kichwani, mkono wa kuume ukafa, ulimi ukafungwa, na siku ya kumi na moja, sisi tukilia kando ya kitanda, alitoa maneno yake ya kwanza: "Muache kulia. Ya kushoto haiyakufa." Miezi kumi na minane alijifunza upya kama mtoto, na Jumamosi tarehe 18 Novemba 2017, mbele ya watu mia nne, alipiga piano dakika arobaini kwa mkono wa kushoto peke yake, na waliofumba macho waliapa kwamba wamesikia mikono miwili. Mimi nilikuwapo, sikufumba macho, na mpaka leo sielewi.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa mwezi wa Januari mwaka huu, na hata pale kitandani alimsikiliza kwa simu mwanafunzi wake wa zamani Nono, ambaye leo ni mwalimu, akipiga piano, akamwambia: "Unakimbia, maman. Rudilia polepole." Kesho yake asubuhi, Jumanne tarehe 18 Februari 2025, alikata roho, mwenye miaka sabini na miwili, akiacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Kamalondo waliovumilia gamme, yale mazoezi ya kupanda na kushuka sauti, za watoto miaka arobaini na nane bila kunung'unika, na wenzake wa redio ambao Jumapili iliyopita, saa ya kipindi chake, waliacha kimya dakika nzima.

Mama mukubwa, umefanya kazi, sasa pumzika kwa amani ya Bwana.