Saksafoni Iliyokosa Kunyamaza

Wasikilizaji wapendwa, leo tuna msiba. Mwalimu Gaetano Lukudu, mpiga saksafoni wa jazi, ameuawa. Ameuawa nyumbani kwake, mtaa wa Gumbo, Jumamosi, jua likiwaka.

Wanafunzi wakimwuliza wasome nini, wasikilize nini, hakuwa mchoyo wa majibu. Someni Zaburi kwa sauti, mpate pumzi. Someni noti za piano, hata kama piano hamna. Sikilizeni kanda za zamani za Kinshasa na za New Orleans, na ngoma za kanisani pia. Halafu alikuwa akimkazia macho Rejoice, mwanafunzi wake mkubwa: "Sikiliza pale mpigaji ananyamaza. Asiyenyamaza hapigi jazi, anapiga kelele."

Jumamosi hiyo Rejoice alikuwa njiani akiwaleta wenzake wadogo darasani, nyumbani kwa mwalimu. Hakujua kwamba watu wenye bunduki wameshaingia. Mke wa mwalimu, Namutebi, Mganda mwenye duka pale barabara ya Nimule, walikuwa wamemfunga kamba. Anasimulia mwenyewe: "Walimpiga kitako ya bunduki kwa mdomo. Meno ikaanguka. Wakasema, piga muziki, watu wafikiri iko somo. Sisi tunabeba vitu, kalas, basi."

Mwalimu akapiga. Midomo imepasuka, damu inachuruzika kwenye saksafoni, naye anapiga tu. Lakini alipiga mfululizo, bila kunyamaza hata mara moja.

Rejoice alifika kwenye ua wa matete, akasimama. Mwalimu wake hapigi hivyo hata akiwa na homa. Akawashika wenzake mikono, akageuka nao mbio kuelekea barabarani. Nyuma yao risasi zikalia, na sauti ya saksafoni ikakatika.

Tangu siku hiyo Rejoice hali, halali. "Mwalimu alikuwa anakufa, na mimi nikakimbia," anasema. Binti yangu, ungeingia, leo tungezika wengi. Alikuwa anakuambia ukimbie, nawe ukamwelewa.

Mama Namutebi, pole sana. Poleni ukoo wote wa Lukudu, na wanafunzi wake. Mungu awashike.

Na tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Saksafoni ile ilisikika mtaa mzima. Jirani wa ua kwa ua ameniambia aliona mwalimu siku hiyo amezidi kelele, akaongeza sauti ya redio yake. Alikuwa anatusikiliza sisi.