Mama Pasi, Aliyemwombea Kijiko

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza hivyo. Aliagiza pia usiwe mrefu, kwa maneno yake, "watu wasije wakachomwa na jua kwa ajili yangu." Kamati ya mazishi ilinipa karatasi ya mfano na nimeifuata nilipoweza. Lakini kuna jambo moja marehemu aliniomba wiki tatu kabla ya kufariki, nami sikumjibu, na ameondoka bila jibu. Siwezi kusimulia maisha yake nikaliruka hilo. Mtalisikia tukifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi viatu, na akabatizwa Jumapili ya Pasaka, siku kumi na moja baadaye. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mimi nilifuata baada ya miaka sita, na kati yetu walizaliwa wawili ambao hawakufikisha mwaka. Mama alikuwa akifulia watu nguo. Marehemu alikuwa akisema sisi ni watoto wa gundi na sabuni, na hadi uzeeni alipopita mahali penye harufu ya gundi ya viatu alisikia njaa, kwa sababu ndiyo harufu iliyokuwepo mama alipopakua.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Mwezi Juni 1960 alipokea Komunyo ya Kwanza, akiwa na gauni jeupe aliloazimwa na binti wa katekista. Jioni ya kuamkia siku hiyo aliamua kulipiga pasi mwenyewe, pasi ya mkaa, akaliunguza kifuani alama ya ukubwa wa kiganja. Mama nusura azimie. Asubuhi marehemu akalivaa nyuma mbele, shela ikafunika mgongo, akaingia kanisani uso mkavu kabisa. Hakuna aliyegundua. Misa ilipokwisha akaenda mwenyewe kwa binti wa katekista akamgeuzia mgongo, akainua shela, akasema, "Tazama nilichokufanyia." Wakawa marafiki mpaka yule dada alipofariki. Marehemu alitamani sana kuwa muuguzi, na walimu walimtegemea, lakini mwaka 1965 macho ya baba yakaanza kufifia, ikabidi abaki nyumbani kusaidiana na mama kufua.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita. Wengi wenu hamjawahi kuingia mle. Ni chini kabisa ya jengo, mvuke unatoka asubuhi hadi jioni, na mtu akikusemesha lazima apige kelele kwa sababu ya mashine. Shuka zilishushwa kwa toroli zikiwa zimefungwa mafundo, kila fundo na namba ya wodi na ya kitanda. Fundo lenye uzi mwekundu lilikuwa la mgonjwa aliyefariki. Jina halikuandikwa, namba tu. Marehemu alikuwa akiweka mkono juu ya fundo hilo na kusema, "Wodi ya nne, kitanda cha tisa, Mungu akupokee," ndipo afungue. Mwanzoni wenzake walimcheka, wakamwuliza kama anadhani shuka zina masikio. Alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, chumba kizima kilikuwa kikifanya hivyo, pamoja na msimamizi wao ambaye hakuwa mtu wa dini yetu.

Hospitalini huko ndiko alikompata mumewe, dereva wa gari la wagonjwa. Huyu shemeji yangu alikuwa akileta shati moja kila wiki, limekatika kifungo, na kifungo chenyewe kipo mfukoni. Baada ya shati la tano marehemu alimwambia, "Wewe ama unakula vibaya unanenepa, ama una jambo la kusema. Sema." Wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 1 Mei 1976. Walijaliwa binti na mwana, wakaishi kwa maelewano hadi shemeji alipofariki mwaka 2011.

Mwaka 1978 alikabidhiwa vitambaa vya altare vya parokia yetu, na mwaka huohuo akajiunga na Chama cha Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi hakuikosa hata alipokuwa na mimba ya mwana wake, siku zake zimetimia, tumbo limetangulia mlangoni. Watumishi wa altare ndio waliompa jina la Mama Pasi, kwa sababu kabla ya maandamano alikagua kola zao mmoja mmoja. Hata paroko mmoja aliwahi kurudishwa sakristia. Vitambaa vinavyogusa kikombe cha Misa alivisuuza kwanza peke yake, na maji yale ya kwanza aliyamwaga kwenye udongo nyuma ya sakristia. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiyamwage kwenye mfereji kama watu wengine. Akaniambia huenda mna chembe ya Ekaristi, na aliyejitoa kwetu mpaka akawa mdogo kiasi hicho hatupwi na povu. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Ukitaka kumsikia akiongea juu ya upendo wa Mungu ilibidi umkute ana kazi mkononi.

Sasa nafika kwangu, mnivumilie. Mama yetu alifariki tarehe 11 Machi 1986. Nilikuwa na hasira nyingi siku zile na sikujua pa kuzipeleka. Pale makaburini, watu wakiwa katikati ya rozari, nilisema kwa sauti kwamba kuwaombea wafu ni kazi ya wasio na kazi. Nikaondoka kaburi halijafukiwa. Dada alinifuata hatua chache, akasema, "Mdogo wangu, rudi tumalize." Sikurudi. Nilikwenda mbali, nikawa fundi wa jenereta kwenye kambi za ujenzi, na kwa uvivu na kiburi sikuandika barua hata moja.

Mwezi Agosti 1988 niligombana na msimamizi wa kambi, nikaondoka kwa hasira, nikaacha begi langu chini ya kitanda na kitambulisho kikiwa ndani. Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa mchanganya zege aliyeitwa Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati. Nilipoondoka alihamia kitanda changu, kilichokuwa karibu na dirisha. Siku mbili baadaye, tarehe 19 Agosti, kambi iliungua. Walimkuta kitandani kwangu pamoja na begi langu, wakamzika kwa jina langu, na nyumbani ikaja barua. Mimi nilikuja kusikia baadaye kwamba Kijiko alihamia kitanda changu na tangu moto ule hakuonekana tena. Kwamba amezikwa akiwa mimi, hilo sikulijua.

Kwa miaka kumi na moja marehemu alimwombea mdogo wake. Kila Ijumaa ya kwanza jina langu lilisomwa kwenye Misa ya asubuhi. Tarehe 6 Agosti 1999 nilirudi, nimechoka, nywele zimeanza mvi. Nyumbani palikuwa pamefungwa na jirani mgeni akanielekeza kanisani. Nikakaa benchi la mwisho. Msomaji, mwalimu wetu wa zamani, akafika kwenye maombi: tuwaombee marehemu wetu. Akasoma jina langu, la ubatizo na la baba, lote kamili. Akainua macho, akaniona, na karatasi ikamponyoka. Kanisa zima likageuka.

Dada alinijia katikati ya Misa. Akanishika masikio yote mawili, akanikagua uso, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nami nililia, sifichi. Tulipotoka nje, paroko akicheka na kujifuta machozi, watu wakinishikashika mabega kuhakikisha kama ni nyama au upepo, yeye ndiye pekee aliyeuliza swali.

"Kwa hiyo tulikuwa tunamwombea nani?"

Nikamweleza habari za Kijiko.

"Jina lake hasa ni nani?"

"Sijui."

"Mlilala chumba kimoja muda gani?"

"Miezi saba."

"Miezi saba hukumwuliza jina?"

Nikajaribu utani, nikamwambia pole dada, sala zote zile zimekwenda bure, maana mimi nilikuwa nadunda. Hapo alinitolea uvivu. "Moyo wa Yesu si kabati la shuka za hospitali, mtu akikosea namba anakosa," alisema. "Mimi nilikosea aliyelala pale. Yesu hakukosea. Kijiko amewafia watu wake wote bila wao kujua, na bado kwa miaka kumi na moja hakukosa Misa ya mwezi. Utaniambia zimekwenda bure?"

Jumatatu yake akaenda kwa paroko kumwandikisha Kijiko kwenye nia za Misa.

"Mama Pasi," paroko alimwambia, "Kijiko si jina la ubatizo."

"Najua, Padre. La ubatizo analo Mungu, kama lipo. Sisi tumeachiwa hili."

"Watu watacheka."

"Wacheke mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili watakuwa wamezoea."

Walicheka miezi mitatu, kusema kweli. Lakini kwa miaka ishirini na mitano jina la Kijiko limesomwa katika kanisa hili kila Ijumaa ya kwanza. Wajukuu wa marehemu walikua wakidhani ni babu yao wa upande fulani. Mimi nilibaki kuishi chumba cha uani kwake, nikawa fundi wa jenereta na spika za parokia. Maparoko watatu wamenizoea: Misa ikianza nafunga waya zangu, natoka nje, nasimama karibu na jenereta mpaka iishe. Sikuwa na ugomvi na Mungu tena. Niliona haya. Mtu aliyeombewa kimakosa miaka kumi na moja, na aliyemwacha mama yake kaburi wazi, nilijiuliza ataanza na neno gani.

Figo za marehemu zilianza kusumbua Januari 2023. Mara mbili kwa wiki alipelekwa kusafishwa damu, katika hospitali ileile. Akawaambia wauguzi, "Miaka yote nimewafulia. Sasa zamu yenu, mnifue." Alipokuwa kwenye mashine alijua shuka iliyosuuzwa vizuri na iliyolipuliwa, na alisema. Tarehe 21 Januari mwaka huu nilikuwa nimekaa naye chumbani kwake.

"Ijumaa ya kwanza nani atamwandikisha Kijiko?" aliniuliza.

"Wanao wapo."

"Wanangu hawakulala naye chumba kimoja. Nataka wewe. Na mimi uniombee, kwa kinywa chako, si kwa kutengeneza spika. Utaniombea?"

Nikamwambia ngoja nikaangalie maji jikoni. Hakuna maji yaliyokuwa jikoni. Nilisimama pale nikiwa nimeshika meza. Nimempenda dada yangu kuliko mtu yeyote hapa duniani, na neno moja tu, ndiyo, lilinishinda. Niliporudi alikuwa amelala. Hakuniuliza tena, na kuanzia wiki iliyofuata hakuwa na nguvu ya kuongea.

Alipokea Mpako wa Wagonjwa Jumatatu tarehe 10 Februari. Kesho yake, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi jioni, alifariki nyumbani, binti yake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu na miezi kumi na moja kasoro siku tatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chumba cha kufulia, Chama cha Moyo Mtakatifu, jumuiya yetu na paroko.

Marehemu ameacha binti yake, ambaye ni mwalimu, na mume wake, mwana wake, fundi umeme, na mke wake, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Ameacha pia vitambaa sita vya altare vilivyokuwa vimelowekwa. Binti yake amevisuuza, na maji ya kwanza ameyapeleka yanakostahili.

Juzi Alhamisi nilikwenda ofisi ya parokia. Katibu alifungua daftari la nia za Misa, Ijumaa tarehe 7 Machi, Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna safu ya jina la marehemu na safu ya mwombaji. Nikamwambia aandike dada yangu, na chini yake Kijiko. Kwenye safu ya mwombaji, kurasa zote za nyuma, ni jina la dada. Katibu akaniuliza, "Hapa niandike familia?" Nikamwambia hapana, aniandike mimi.

Kaburi bado liko wazi na safari hii siondoki. Maneno ya kitabuni sijayashika yote, paroko atanisamehe. Nasema niliyo nayo.

Bwana, huyu ni dada yangu. Kwa miaka mingi amekutajia watu ambao hakuna mwingine aliyewataja. Leo namtaja mimi. Mpokee, umpumzishe, umtue mzigo. Na Kijiko, ambaye sikumwuliza jina, umwambie nimeuliza. Amina.