Stuli Iliyobaki Darasani

Nitawasalimu nikiwa nimesimama, mama zangu, maana nikikaa nitalia kabla sijaanza. Asanteni kwa kunikaribisha hapa Huruma, katika kikundi cha wazazi waliofiwa na watoto.

Enzi za chama kimoja nilikuwa mwalimu upande wa Chepsaita. Watu wetu walikuwa wamenunua kwa pamoja shamba la mzungu aliyeondoka, kila nyumba na lugha yake. Shule tulifungua ndani ya stoo ya mahindi. Madawati hakuna, kila mtoto alibeba stuli kutoka kwao. Na kila Ijumaa akina mama walitoa stuli zote nje, wakasiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe.

Msichana wangu wa pekee alisoma kwangu, darasa la kwanza. Akashikwa na surua wakati wa mvua. Trekta iliyokuwa ikitupeleka hospitali Eldoret ilikwama kwenye matope, na hapo ndipo aliponifia, mapajani.

Ndugu zangu, nawaambia, niliacha kazi. Watu walikuja: "Mwalimu, jipe moyo." Moyo niutoe wapi? Nilifunga mlango. Mungu mwenyewe nilimnunia, sifichi.

Miezi ikapita. Ijumaa moja nikaenda shuleni kuchukua stuli ya mtoto wangu nikaichome. Nikawakuta akina mama wakisiriba. Stuli zote ziko nje, isipokuwa yake. Kila wiki walikuwa wakisiriba kuizunguka, mpaka chini yake pamebaki pakavu, pana nyufa.

Nikauliza, "Hii mbona hamkuitoa?"

Mama mmoja mzee, mikono imejaa mavi, akajibu, "Hiyo ni yako, Mwalimu. Tulikuwa tunakungoja."

Hakuna aliyeniambia pole. Mmoja alinisogezea ndoo tu. Nikapiga magoti, nikaitoa ile stuli, nikapasiriba pale pake kwa mikono yangu. Nililia mpaka udongo ukalainika.

Jumatatu nilirudi kufundisha. Kulikuwa na msichana wa familia iliyohamia juzi, anakalia tofali. Nikampa ile stuli ya mtoto wangu. Nikamwambia akae mbele, nimwone.

Wale akina mama, wengi wamelala kaburini sasa. Nawashukuru mbele yenu. Mwenzenu akifiwa, msimharakishe. Mfanyieni kazi zilizo pembeni, pale katikati mwachieni mwenyewe.

Nimezeeka na bado namlilia. Nisogezeeni kiti, mama zangu. Sasa naweza kukaa.