Koti la Kufufukia

Kwenye treni, fundi cherehani alimwona mama wa kiti cha mbele akishona koti lililopasuliwa mgongoni. Mdomo ukamwasha.

"Dada, hilo si la marehemu? Sisi mafundi huliacha wazi mgongoni, avishwe kwa urahisi."

"Ni la mume wangu. Tunamzika kesho."

"Pole sana. Lakini mgongo wa maiti nani atauona?"

"Mama yangu atauona! Kaburi lake liko ubavuni mwa hilo la mume wangu. Siku ya ufufuo wanainuka pamoja. Unataka asimame mgongo wazi mbele ya mkwewe?"

Fundi akacheka, kisha akaona haya. "Mungu si atampa vazi jipya?"

"Ampe! Mimi simvishi kama mtu asiyeamka."

Treni ikasimama. Mama akakata uzi kwa meno, akashuka kichwa juu.