Kisanduku cha Tatu

Benchi la kona lina miguu mitatu na tofali, na kila jioni hubeba watu watatu wasiowahi kukubaliana: Sindano, fundi cherehani mwenye duka hatua kumi kutoka hapo, Timazi, mwashi, na Wakili, aliyefagia mahakama miaka kumi na saba, kwa hiyo hakuna sheria asiyoijua. Jioni hiyo Wakili hakufuata kahawa tu. Alikuwa amesikia kwamba anayekata suti yake ni binti wa Sindano, yule aliyepelekwa kliniki ya akili mwaka jana.

– Nirudishie kitambaa changu, Sindano. Si kwa ubaya. Mtu wa kliniki ile hapewi mkasi.

– Alikwenda kabla hajaugua.

– Huko si kuuchokoza ugonjwa? Haraka haraka haina baraka.

Sindano akapuliza kahawa yake. Alikumbuka majuma yale binti alipokuwa halali, akisikia redio iliyozimwa ikimtaja jina. Na ni yeye mwenyewe aliyesema, “Baba, kuna kitu hakijakaa sawa.”

– Karani wa kliniki naye aliona kama wewe. Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili: mgonjwa, si mgonjwa. Akatuambia turudi binti akishaamua.

– Mkarudi lini? akauliza Timazi.

– Hatukuondoka. Muuguzi akachukua rula, akachora kisanduku cha tatu. Akaandika, “Anaangaliwa.”

– Wakamfungia? akauliza Wakili.

– Wakamsikiliza. Kila Jumanne, saa nzima. Na sisi wazazi tukafundishwa kumsikiliza bila kumkatiza. Mama yake alifaulu. Mimi nilirudia darasa.

Timazi akatikisa kichwa.

– Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa mkiziba kila ufa, sisi waashi tutakula wapi?

– Kisheria, akasema Wakili, ukitibiwa nawe huumwi, umeiibia serikali dawa.

– Hakupewa dawa.

– Basi serikali imekuibia wewe.

– Wakili, suti yako imetundikwa pale dirishani. Itazame kola. Miaka thelathini nashona, kola ile siiwezi.

Wakili akageuza shingo, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Muuza mifagio aliyesimama kununua kahawa akatua mzigo wake.

– Samahanini, wazee wangu. Kijana wangu ameziba madirisha kwa magazeti, wiki ya pili hii. Anasema majirani wanamsoma mawazo. Huyo ni mgonjwa, au bado?

Wakili akamgeukia Sindano. Timazi naye akamgeukia.

– Sijui, ndugu yangu, akasema Sindano. Hapa hakuna ajuaye. Kesho saa mbili asubuhi njoo naye, niwapeleke kwa wanaojua.

– Utafunga duka kwa ajili yetu?

– Silifungi, akasema Sindano, akijinyoosha kama anayejipima koti jipya. Duka lina fundi.